Mie Sina Mgogoro, Sina Njia

Nilipoanza kuandika habari za mitaani kwa gazeti moja dogo la mjini, mhariri wangu alinifundisha neno ambalo alisema litanilinda muda wote nitakaokuwa kazini. Nilikuwa nimemletea habari ya mwanamume wa Buguruni aliyeuza nyumba ya wadogo zake mayatima bila wenyewe kujua. Niliandika kwamba amewadhulumu. Mhariri alichukua kalamu, akalikata lile neno, akaandika juu yake: mgogoro wa kifamilia.

"Ukiandika kadhulumu, kesho anakuja hapa na wakili," alisema. "Ukiandika mgogoro, anakuja na soda."

Nilicheka, kisha nikalitumia kwa miaka mingi. Mwanamke aliyevunjwa mkono na mumewe aliingia gazetini akiwa na mgogoro wa ndoa. Wauza samaki waliokuta meza zao zimevunjwa asubuhi walikuwa na mgogoro wa eneo. Hakuna aliyekuja na wakili. Soda kweli zililetwa, mara mbili tatu, na nilizinywa.

Neno hilo sikulikuta Mtoni nilikolelewa. Watu wa pale waligombana, waliteta, walinuniana hata mwaka mzima, na wapo waliodhulumiana. Lakini mtu akimdhulumu mwenzake, mtaa wote ulijua nani kadhulumu na nani kadhulumiwa, na aliyedhulumu alikuwa anasalimiwa kwa mkato. Mgogoro tuliletewa baadaye kutoka maofisini, pamoja na semina na maji ya chupa. Ni neno la watu wanaotaka kuzungumzia kisu bila kutaja mkono uliokishika. Nililidharau siku nilipoliona likifanya kazi nyumbani kwetu, na nitaeleza kwa mpangilio lilivyofanya kazi hiyo, maana nilikuwepo tangu mwanzo na niliandika kila kitu kwenye daftari.

Nyumba ya mama yangu mkubwa iko Mtoni, mstari wa tatu kutoka barabara kubwa. Kuifikia unaingia kichochoro kati ya nyumba mbili, unakwenda hatua kama ishirini, unakata kona kushoto, unaukuta mlango. Upande wa kushoto wa kichochoro hicho, kuanzia mwanzo hadi kwenye kona, ni kwa jirani mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Baba yake na baba yangu mkubwa walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Nyua zao ziligusana, na kwenye ukuta uliozitenganisha walitoboa mlango mdogo wa mbao ili wake zao waazimane makaa na chumvi bila kuzunguka. Mzee yule alipofariki, mwanawe akaupiga kufuli ule mlango. Alisema ni kwa ajili ya usalama wa mali.

Huku kwetu ukuta hauanzi ukiwa ukuta. Jirani alianza na kibaraza cha saruji cha kukalia, akasema hata sie tutakaa. Mwaka uliofuata akachimba chemba ya maji machafu mbele ya kibaraza, akasema hana pengine pa kuiweka. Kuilinda chemba akazungushia mabati, ya muda tu. Mabati yakaoza, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi hawezi kuonekana na mabati yaliyooza, kwa hiyo akajenga tofali. Kila mara alikuja kuomba radhi kwa usumbufu, tena kwa adabu sana, na kila mara mama mkubwa alimjibu kwamba hamna neno, mwanangu. Tofali zilipofika usawa wa paa, kichochoro kilikuwa kimebaki upana wa mtu mmoja mwembamba. Mama mkubwa si mwembamba.

Wakati huo baba mkubwa alikuwa na mwaka wa pili tangu apigwe na kiharusi. Tulizoea kumkalisha kwenye kiti, watu wawili wakakishika huku na huku, tukamtoa mpaka barabarani kwenye bajaji ya kumpeleka kliniki. Baada ya ukuta, kiti hakikupita. Mimi na muuza chipsi wa pale barabarani tukawa tunambeba mgongoni kwa zamu, na kwenye kona alikuwa anajikwaruza kiwiko cha mkono ule aliokuwa bado anauhisi.

"Huyu kijana kajenga vizuri," alisema siku moja akiwa mgongoni kwangu, kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii. "Saruji haikwanguki."

Mama mkubwa hakuwa na wasiwasi na kliniki. Kliniki mtu hubebwa mgongoni, alisema, akafika. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja, na alikuwa akinieleza bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja kitu kilichosahaulika sokoni: siku ya mzee ikifika, jeneza litapitaje? Alikuwa amewahi kuona mtu anatolewa dirishani, mitaa miwili kutoka pale, akiinamishwa kama kabati. Hakutaka mumewe atoke hivyo. Hilo tu ndilo alilokuwa analipigania tangu mwanzo hadi mwisho.

Tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji alikuwa kijana msafi, suruali imenyooshwa, mgeni pale mtaani, na alimwamkia mama mkubwa vizuri. Akafungua jalada jipya.

"Mama, mgogoro wenu umeanza lini?"

"Mgogoro gani?"

"Wewe na jirani yako."

"Mie sina mgogoro na mtu, mwanangu. Mie sina njia."

Mtendaji aliitikia kwa kichwa na akaandika. Kazi yangu imenifundisha kusoma maandishi yaliyogeuka juu chini, na nilisoma: Mgogoro wa njia. Pande mbili. Jalada lilikuwa na mistari miwili tu na tayari mama mkubwa alikuwa upande.

Kikao cha kwanza kilifanyika wiki iliyofuata. Jirani alikuja na katoni ya maji ya chupa, akaiweka katikati ya meza, akagawa mwenyewe. Alimwamkia mama mkubwa kwa mikono miwili. Lazima niseme hakuwa mtu wa fujo. Watu wa fujo hawafanikiwi kwenye mambo haya.

"Njia nimeacha," alisema. "Mtu anapita. Hata bi mkubwa mwenyewe leo kapita, si huyu hapa?"

"Nimepita ubavu," alisema mama mkubwa.

"Mjini hapa wote tunapitaga ubavu, mama yangu."

Watu wakacheka. Mtendaji naye alicheka kidogo, kisha akakumbuka cheo chake. Akaeleza kwamba katika utatuzi wa migogoro hakuna mshindi wala mshindwa, na kwamba anaomba kila upande ulegeze kidogo.

"Mie nilegeze nini?" aliuliza mama mkubwa. "Nikate nyonga?"

"Msimamo, mama. Ulegeze msimamo."

"Naye?"

"Naye vilevile."

Jirani alisema yuko tayari kulegeza, na akaahidi kuupiga ukuta plasta ili usikwaruze watu. Mtendaji aliandika kwamba upande wa pili umeonyesha utayari. Nilimtazama mama mkubwa akitafuta cha kutoa na yeye, kama mtu aliyekwenda harusini bila zawadi. Hakupata. Ikaandikwa kwamba upande wa kwanza bado una msimamo mkali.

Siku tatu baadaye mtendaji alikuja na futi kamba kupima. Alipima upana tu, mahali pamoja, mwanzoni mwa kichochoro, kisha akasimama pale kwenye mwanga na kusema kwamba njia ipo.

"Na mzee wangu siku yake ikifika?" mama mkubwa alimuuliza.

"Tusiombee hayo, mama. Hilo ni suala la baadaye."

Mama mkubwa hakurudi tena ofisini kulalamika. Alikwenda msikitini kwa mzee anayetunza jeneza. Mzee huyu ndiye anayelihifadhi, analiosha, na kutangulia mbele likibebwa ili awaonyeshe wabebaji pa kukanyaga. Amefanya hivyo kwa muda mrefu kuliko umri wa mtendaji, na anavijua vichochoro vyote vya Mtoni kwa kipimo kimoja. Alikuja, akasimama konani, akaegemeza kiganja kwenye ukuta wa jirani.

"Upana si tatizo," alisema. "Upana tunalibeba mikononi, tunapita. Tatizo ni kona. Lile lina urefu wake, haliwezi kupinda. Yule kijana wenu amepima mtu, hajapima maiti."

"Mwambie basi," nilisema.

"Maneno hawa hawaelewi. Tulilete, tulipitishe, waone kwa macho."

Nilikubali haraka, nami ndiye niliyepaswa kufikiri. Niliona picha nzuri, ushahidi usiojibika. Mtendaji aliahidi kuja kushuhudia saa nne asubuhi. Mzee wa jeneza alitoa tahadhari moja tu: litakuja tupu, bila kitambaa chake cha kijani, ili kila mtu ajue kwamba hakuna msiba.

Kumbe watu hawaangalii kitambaa. Tulitoka msikitini wanaume wanne, jeneza mabegani, mzee mbele, nami nyuma kulia. Tulikuwa hatujafika hata dukani muuza maandazi alipotuona, akatazama tunakoelekea, akajua pale ndani kuna mgonjwa wa siku nyingi. Aliepua karai, akamwaga maji kwenye moto, akajitanda khanga. Nyuma yake akaja mwingine. Fundi viatu akasimama. Tulipoingia kichochoroni tayari nilisikia kilio cha kwanza nyuma yangu, kile cha mtu anayetaka ajulikane kwamba kawahi. Mwenye maturubai wa mtaa wa pili alikuwa ameshatuma vijana wake waje kuangalia pa kuchimbia nguzo.

Jeneza likafika konani, likakwama kama mzee alivyosema. Mbele liligonga ukuta wa jirani, nyuma likagonga nyumba ya upande wa pili. Tuliliinua, tukaliinamisha, tukalirudisha, likagoma. Ushahidi ulikuwa kamili. Tatizo ni kwamba nyuma ya ushahidi kulikuwa na watu kama arobaini wanaolia, na sisi tukiwa katikati hatukuweza kwenda mbele wala kurudi.

Ndani baba mkubwa alisikia.

"Kafa nani?" aliuliza.

"Wewe," alijibu mama mkubwa.

Alilipima kwanza. "Basi waambie wanisubiri kidogo," alisema.

Mama mkubwa alitoka, akasimama upande wa pili wa jeneza lililokwama, akawatangazia watu kwamba mzee ni mzima na amekunywa uji. Wengine waliacha kulia palepale. Muuza maandazi alikasirika kwa sababu ya moto wake. Na hapo ndipo mtendaji alipofika, saa tano kasoro, akakuta umati, na badala ya kuangalia kona akaanza kuuliza nani kaitisha mkusanyiko.

Jirani alitokea dukani. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kujenga alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya kweli.

"Wameniletea jeneza mlangoni," alimwambia mtendaji. "Jeneza tupu. Mie mwezi ujao namuoza binti yangu. Huu si uchuro ni nini?"

Sitadai kwamba hakuwa na hoja. Huku pwani jeneza tupu mlangoni kwa watu wenye harusi si mzaha, na hata mzee wa jeneza aliangalia chini. Mtendaji alifurahi. Sisemi kwa kumchafua, niliiona furaha yenyewe: mabega yalimshuka kama ya mtu aliyepata choo. Kwa wiki kadhaa alikuwa na mtu mmoja aliyechukua na mwingine aliyechukuliwa njia yake, na ofisi yake haina fomu ya jambo hilo. Sasa kila mmoja alikuwa na lalamiko. Aliandika pale pale amesimama, na nilisoma: Mgogoro umechukua sura mpya.

Likafunguliwa jalada la pili. Humo jirani alikuwa mlalamikaji na mama mkubwa mlalamikiwa. Aliitwa mara tatu. Mara ya tatu wazee wa ukoo wetu wenyewe walimsihi aombe radhi yaishe, kwamba ukuta ni jambo la kuzungumza, lakini uchuro unaharibu ujirani. Aliomba radhi mbele ya watu na maji ya chupa. Jirani alimsamehe kwa maneno mazuri. Ukuta haukutajwa.

Mimi nilikuwa na picha kwenye simu, vipimo vya kona kwa sentimita, na maelezo ya mzee wa jeneza neno kwa neno. Nikaandika habari nzima, na safari hii niliandika kwamba jirani ameziba njia. Yule mhariri wa zamani alikuwa ameshastaafu, nikadhani ameondoka na kalamu yake. Ilitoka Jumapili, fupi kuliko nilivyoiandika, chini ya kichwa cha habari: Mgogoro wa jeneza wazua taharuki Mtoni. Nilimpigia mhariri mpya. "Braza, ishu ina pande mbili," alisema. Nilimsomea mama mkubwa habari hiyo kwa sauti kwa kuwa aliomba. Aliuliza jina lake liko wapi, nikamwambia halipo, ni mmoja wa wakazi.

Harusi ya binti wa jirani ilifana. Tulipelekewa sinia la pilau, likapitishwa kichochoroni kwa ubavu.

Baba mkubwa alifariki Jumatatu moja asubuhi, baada ya mama mkubwa kumlisha vijiko vinne vya uji. Mzee wa jeneza alipofika hakukitazama hata kichochoro. Alikwenda moja kwa moja dukani kwa jirani, akasimama mbele ya mizani ya misumari, akasema anahitaji ufunguo wa mlango wa uani. Jirani aliutafuta mwenyewe, akashindwa kufungua kwa kutu, akavunja kufuli kwa nyundo ya kuuza, akasogeza mifuko ya saruji kwa mikono yake mpaka ikapatikana nafasi. Baba mkubwa alitolewa kwa ule mlango ambao yeye na rafiki yake waliutoboa, akapita katikati ya mabomba na ndoo za rangi, akatokea barabarani amelala sawa. Jirani alibeba mbele kushoto mpaka makaburini, na alilia.

Watu walimsifu. Walisema wamemwona mtu leo. Makaburini, baada ya dua, mtendaji aliomba dakika moja, akasema kwamba leo hatukumzika mzee peke yake, tumeuzika na mgogoro. Wanaume waliokuwa karibu yangu waliitikia kwa vichwa. Wawili kati yao walikuwa wamenisaidia kubeba lile jeneza tupu. Nilitazama mikono yangu iliyojaa mchanga na sikusema kitu, na hilo nalo nimeliandika kwenye daftari.

Mama mkubwa aliingia eda, miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani, na katika muda wote huo hakuhitaji njia. Wakati akiwa humo nilipita ofisini nikaomba kuona jalada. Mtendaji alinionyesha bila kusita, alijivunia. Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na muhuri na mstari mmoja: Mgogoro umekwisha kwa njia ya amani, pande zote zimeridhika. Akaniambia anaupeleka kwenye ripoti ya robo mwaka.

Siku mama mkubwa alipotoka eda nilikwenda kumtembelea asubuhi. Alikuwa ameoga, amevaa nguo mpya, amejifukiza udi, na amepungua, ingawa si kwa kiasi ambacho kichochoro kinakihitaji. Alisema anataka kwenda kwa jirani kabla ya kwenda popote. Tulipita, yeye mbele, ubavu, kiganja kimoja ukutani. Ukuta haukuwa umepigwa plasta.

Jirani aliinuka alipomwona, akamwamkia, akampa pole, akamwekea kiti. Mama mkubwa hakukaa. Kutoka pale aliposimama uliweza kuuona ule mlango wa uani, uko wazi nusu, na mbele yake, zimepangwa vizuri, tofali kama sitini na ndoo ya mchanga uliochekechwa.

"Mlango ule usiuzibe, mwanangu," alisema. "Nitauhitaji mara moja tu."

Jirani alitazama tofali, kisha akanitazama mimi na daftari langu, kisha akamrudia yeye na kutabasamu kwa upole kabisa.

"Bi mkubwa," alisema, "hayo si yalishakwisha? Tusianze tena migogoro."

Mama mkubwa akafunga vizuri khanga yake, akamwambia asalimie nyumbani, akatoka. Nilimfuata mpaka mwanzo wa kichochoro. Pale alisimama, akageuka ubavu, akavuta pumzi, akaingia.